Kaseti ya Darubini

Asubuhi ile kipaza sauti cha bwalo kilikaa kimya.

Wanafunzi wa shule ya wapelelezi walikuwa wamekaa mezani, vikombe vya chai mbele yao, wakisubiri. Kila siku kabla ya kula walizoea kuisikia sauti ileile ya mzee. "Amkeni, wanangu. Jana mliona nini ambacho leo hakipo?" Kisha kikohozi kifupi. Kisha kicheko cha mtu anayelijua jibu. Hapo ndipo walipoanza kula huku wakibishana: pazia la dirisha la nyuma limebadilishwa, mpishi kanyoa masharubu, kuna kiti kimeondolewa.

Mwenye sauti ile aliitwa Mwalimu Darubini. Alifundisha uangalizi tangu shule ilipofunguliwa. Alipoanza kuugua na ngazi zikamshinda, aliirekodi sauti yake kwenye kaseti ili somo lisisimame. Baadaye alifariki. Kaseti iliendelea kupigwa. Ilikuwa moja tu, haikuwa na nakala, na sauti ya mzee yule haikubaki mahali pengine popote.

Mkuu wa shule alipanda hadi chumba cha mitambo, akafungua kifuniko cha mashine. Ndani hamkuwa na kitu.

Alikaa kwenye kiti kwa muda. Kisha akawapigia simu polisi.

Inspekta alifika na koplo wake jua likiwa limeshapanda. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, aliyezoea kuvua miwani kila anapotaka kuona vizuri.

"Shule nzima ya wapelelezi," alisema, "na mnaita polisi?"

"Ningewaachia wanafunzi wangu, jioni wangeniletea wezi kumi na wawili, kila mmoja na ushahidi wake," Mkuu alijibu. "Wangenishika hata mimi."

"Kwa kaseti?"

Mkuu hakucheka. "Darubini alikuwa kaka yangu. Tumbo moja. Hiyo kaseti ndiyo iliyobaki, Inspekta. Nikimpata aliyeichukua, leo hii anafunga virago. Nimeshawatangazia."

Inspekta akaitikia kwa kichwa, akaingia kazini.

Chumba kilikuwa kidogo: meza, mashine ya kaseti, na rafu ndefu ukutani iliyojaa kaseti za masomo ya lugha. Koplo alinyunyiza unga wa kuonyeshea alama za vidole. Alinyunyiza kwenye mashine, kwenye kitasa, kwenye meza, kwenye rafu. Akachuchumaa. Akatazama kwa tochi. Akakuna kichwa.

"Afande, hakuna."

"Hakuna za mwizi?"

"Mbali na za Mkuu za asubuhi hii, kitasani na kwenye kifuniko, hakuna za mtu yeyote. Pamepigwa kitambaa pote. Mke wangu angekiona chumba hiki ningepata shida nyumbani."

Inspekta akamgeukia Mkuu. "Jana nani alibonyeza mashine?"

"Mimi. Kila siku ni mimi."

"Basi alama zako za jana zilipaswa kuwepo kwenye kitufe. Mwizi wa mtaani huvaa glovu, au hufuta alipogusa, akatoka mbio. Huyu kafuta mpaka zako. Kafanya kazi kama alivyofundishwa, tena kwa bidii. Mwizi wako ni mwanafunzi, na ni mwanafunzi mzuri."

"Hilo halinisaidii. Wote wazuri."

Inspekta alisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye ubao. Kilitoka na unga wa koplo tu, bila vumbi. Akavua miwani, akaivaa tena, akashuka chini.

Aliwahoji wanafunzi mmoja mmoja kwenye darasa tupu. Walikuwa na umri wa miaka kumi na sita, kumi na saba. Hapo shuleni hakuna aliyetumia jina lake. Kila mmoja aliitwa kwa jina la utani alilopewa na Darubini.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Bwenini, afande. Nilikuwa nakunja shuka. Ya buluu, ina kitobo upande wa miguu."

"Na wewe?"

"Nafua soksi. Jozi mbili. Moja si yangu."

"Ya nani?"

"Hilo, afande, siwezi kulijibu bila ruhusa ya mwenye soksi."

Koplo aliandika, akaacha, akacheka chinichini. "Hawa watoto wanadanganya vizuri kuliko majambazi wetu."

"Hawadanganyi. Wanafanya mazoezi," alisema Inspekta. "Twende tukale."

Saa ya chakula cha mchana alikaa kwenye kona ya bwalo na sahani yake. Hakumuuliza mtu chochote. Alitazama tu.

Meza ilikuwa ndefu na ina makelele. Vijana walisukumana, walinyang'anyana mkate, walitupiana macho, walichekana. Kila mmoja alimtazama kila mmoja. Isipokuwa wawili.

Msichana aliyeitwa Kinyonga, bingwa wa kujibadilisha sura, alikaa mwisho wa meza. Karibu naye, upande wa pili, alikaa kijana mrefu, mzito wa mwendo, aliyeitwa Kobe. Hawakutazamana hata mara moja. Kobe alipocheka, Kinyonga alikuwa anaangalia dirisha. Kinyonga alipoongea, Kobe alikuwa anasoma maandishi ya kopo la maziwa.

Kisha Kinyonga akanyoosha mkono kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mbele ya Kobe. Mkono ukasita hewani, ukarudi. Alikula hivyo hivyo, bila chumvi, akikunja uso.

Inspekta akaweka kijiko chini.

"Niitie Kobe," alimwambia koplo.

Kobe aliingia kwenye lile darasa tupu, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Kinyonga unamjua?"

"Kwa jina tu, afande."

"Mko darasa moja?"

"Ndiyo."

"Mwaka wa ngapi huu?"

"Wa pili."

"Mwaka wa pili, na unamjua kwa jina tu. Mpishi je?"

"Mpishi ana watoto watatu, anachechemea kidogo mguu wa kushoto, hapendi vitunguu."

"Mpishi unamjua hivyo. Msichana anayekaa mbele yako kila siku, humjui." Inspekta aliegemea kiti. "Mwanangu, umejificha mpaka umeonekana."

Masikio ya Kobe yalibadilika rangi. Sheria ya shule ilijulikana na wote: mapenzi marufuku. Mpelelezi mwenye mpenzi ana mahali pa kukamatiwa.

"Kaseti nimechukua mimi," alisema ghafla.

"Ehee. Imeandikwa kwa kalamu ya rangi gani?"

Kobe akatazama dari. "Nyeusi."

"Umeificha wapi?"

"Nimeitupa. Chooni."

"Kaseti nzima? Ikapita?"

"Nilisukuma kwa fimbo."

Koplo aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Hukuingia kile chumba," Inspekta alisema bila ukali. "Ulisimama chini ya ngazi, ukilinda. Sivyo?"

Kobe alisema kwa sauti ndogo: "Afande, mimi nikifukuzwa, baba ana duka la vipuri, nitapata cha kufanya. Yeye hana pa kwenda. Hapa ndiyo kwao. Kaseti itarudi, tafadhali usimwite."

"Nimeshamwita. Yuko mlangoni, tena naona kashasikia."

Mlango ulifunguka. Kinyonga aliingia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Kobe waziwazi.

"Chooni?" alimuuliza. "Kwa fimbo?"

"Nilikosa la kusema."

"Mwaka wa pili wa mafunzo, ndiyo hilo ulilolipata?"

"Kaeni," alisema Inspekta. "Koplo, mwite Mkuu. Kisha twende wote juu."

Wakasimama watano katika chumba cha mitambo, wamebanana.

"Kaseti ilikuwa ndani ya mashine," Inspekta alianza. "Anayeitoa hugusa mashine na kitasa. Basi. Kwa nini afute na rafu? Mtu aliyechukua kitu mezani hana shughuli na rafu. Ila kama ana kitu cha kuweka hapo." Akamgeukia msichana. "Darubini aliwafundisha nini juu ya kubeba?"

"Usibebe unachoweza kukiacha," Kinyonga alijibu.

"Kiko wapi?"

Msichana alienda kwenye rafu. Bila kuhesabu, bila kusoma, akavuta kasha la somo la lugha, akalifungua, akamkabidhi Inspekta. Ndani mlikuwa na kaseti yenye maandishi ya kalamu ya kijani.

Mkuu alinyoosha mkono. Inspekta hakumpa.

"Kwanza tusikie sababu."

Kinyonga alimgeukia Mkuu. "Mashine inaila, Mwalimu. Imeanza zamani. Kwanza kicheko kikawa kinavuta. Halafu kikohozi kikapotea. Mwanzoni alikuwa anasema 'Amkeni, wanangu.' Wiki hii amesema 'Amkeni' tu. 'Wanangu' imeshaliwa."

Mkuu aliitazama mashine.

"Nilikuja ofisini kwako nikakwambia. Ukasema nisikuletee habari za kaseti, niende darasani. Nikarudi tena. Hukunifungulia. Kila asubuhi nilikuwa nakaa pale bwaloni, nakata mkate, na mwalimu anapungua neno moja moja, na wenzangu wanabishana habari za mapazia. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye kituo cha watoto yatima. Wa kwanza kuniita mwanangu ni yeye. Sikutaka neno hilo liishe lote."

"Kwa nini usiichukue ukaondoka nayo?" Inspekta aliuliza.

"Si yangu, afande. Nilitaka tu isipigwe."

Inspekta akamtazama Mkuu. "Ulisikia kuwa inaharibika?"

Mkuu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Nilisikia," alisema. "Ningekosaje kusikia? Nimeisikia sauti ile tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilijua inaisha. Lakini nikiizima, basi kesho yake asubuhi kaka amekufa. Nikibonyeza, bado yupo yupo. Nikasema niibonyeze mara moja tena." Akakaa kwenye kiti kilekile alichokalia asubuhi. "Kila siku nilisema mara moja tena."

Inspekta aliweka kaseti mezani taratibu. Utepe wake ulikuwa umekunjamana upande mmoja.

"Maabara yetu ina fundi wa sauti," alisema. "Kilichobaki ataweza kukihamisha. Kilichokwisha kuliwa hawezi kukirudisha. Nikiichukua?"

"Ichukue."

"Na mashtaka?"

Mkuu alimtazama msichana. "Kitu kimetoka kwenye mashine, kikaenda kwenye rafu, katika chumba hikihiki. Inspekta, sijui huo ni wizi gani."

"Hata mimi sijui. Koplo, andika: kimepatikana."

"Na virago?" Kobe aliuliza.

"Virago vya nani?" Mkuu alisema. "Wewe utaosha masufuria mpaka mwisho wa muhula. Si kwa kaseti. Kwa lile jibu la choo. Limemwaibisha marehemu."

Kinyonga aliinamisha kichwa kuficha uso. Mkuu akamtazama yeye, kisha Kobe, kisha yeye tena.

"Halafu kuna jambo jingine hapa," alisema. "Naanza kuliona."

"Mimi niliitwa kwa kaseti," Inspekta alisema, akivaa miwani. "Sikuona jingine."

Mkuu alifikiri. "Basi na mimi, kwa leo, sijavaa miwani."

Kwenye ngazi, wakishuka, koplo aliwasikia wale wawili nyuma yake.

"Chumvi ilikuwa karibu hivi," Kobe alinong'ona. "Ungeomba tu."

"Ungenipa mbele ya watu?"

"Ningekupa."

"Muongo."

Kaseti ilirudi wiki mbili baadaye, pamoja na nakala yake. Mkuu amezifungia kabatini ofisini kwake, zimefungwa kitambaa, na hazipigwi. Mashine imeondolewa. Asubuhi, kabla ya chai, mwanafunzi mmoja husimama mlangoni pa bwalo na kuliuliza swali kwa mdomo wake, lote, pamoja na "wanangu", hata kama anaowauliza ni rika lake na wanamcheka. Wanakwenda kwa zamu. Wiki hii ni zamu ya Kinyonga.