Mgeni wa Meza ya Kumi na Nne

Meza ilikuwa ya watu wawili, lakini ilikuwa imeandaliwa kwa watu watatu.

Glenda Sugden aliliona hilo kabla hajavua koti. Sahani tatu, glasi tatu, vitambaa vitatu vilivyokunjwa vizuri, na kiti cha tatu kimesogezwa nyuma kidogo, kama mtu ameinuka sasa hivi kwenda msalani. Mlo huu alikuwa ameupanga tangu Januari. Miaka arobaini ya ndoa, Jumapili mchana, ndani ya Ellershaw, mkahawa ambao watu wa Leeds huenda mara moja katika maisha yao na kuusimulia mara mia. Jumba lenyewe lilikuwa la wafanyabiashara wa sufu wa zamani, lina nguzo za marumaru na dari ya dhahabu, na kwenye picha za ukutani wazee wenye ndevu za mashavuni wanakutazama kama umekuja kuwaibia. Na katika ukumbi wote ule, akina Sugden walipewa meza ya kumi na nne, nyuma ya nguzo, karibu na mlango wa jikoni.

"Tuko wawili," Glenda alimwambia mhudumu.

"Samahani sana, madamu." Mhudumu akaondoa sahani ya tatu na vyote vilivyokuwa pamoja nayo, akaenda zake.

"Tuombe meza nyingine," Glenda akamnong'oneza mumewe.

"Ya nini, mpenzi? Hapa pazuri tu."

"Norman, tumekaa nyuma ya nguzo."

"Nguzo nzuri lakini."

Huyo ndiye Norman, fundi saa mstaafu, mtu mwema ambaye akikanyagwa na farasi atamwomba farasi radhi. Wala hayuko peke yake. Huku kwetu Yorkshire mtu anaweza kuletewa supu yenye nzi, akamla nzi, akashukuru, akaacha na bakshishi juu yake. Lakini Norman alizidi. Paa la nyumba yao lilivuja miaka mitatu kwa sababu hakutaka kumsumbua fundi wa paa. Jirani aliwajengea uzio nusu mita ndani ya bustani yao, Norman akampelekea keki. Miaka arobaini Glenda alikuwa akikasirika kwa niaba ya watu wawili, na alikuwa amechoka. Tena siku hizi kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likimkera. Shingo ya Norman ilikuwa inaogelea ndani ya kola ya shati. Kila asubuhi alimuuliza, "Uko sawa wewe?" na kila asubuhi Norman alijibu, "Sawa kabisa," basi Glenda akaenda kuweka birika jikoni.

Walikaa dakika hamsini bila kuletewa hata mkate. Watu wa meza ya pili, waliokuja baada yao, walikuwa wanaramba vijiko vya kitindamlo.

"Nakwenda kusema," Glenda akasema.

"Usianze, mpenzi. Leo wamebanwa."

"Wamebanwa na nani? Nusu ya meza ziko tupu!"

"Glen. Tafadhali. Watu wanatuangalia."

Hakuna aliyekuwa anawaangalia. Glenda akaukunja mdomo. Hapo ndipo ilipomjia harufu. Ilikuwa harufu ya sufu iliyoloa, na ndani yake samaki wa kuchemshwa. Nje jua lilikuwa linawaka, hakuna aliyeingia na koti la mvua, na kwa samaki, siku hiyo walipika ng'ombe na kondoo tu. Halafu akasikia kikohozi. Hakikuwa kikohozi hasa. Kilikuwa kile kisauti cha mtu anayejizuia kukohoa kanisani, khh, khh, ndani ya koo, mdomo umefungwa.

"Ni wewe?"

"Mimi nini?"

Sauti ilikuwa imetokea kuliani kwake, kwenye kiti kile kitupu. Glenda akageuka, kisha akatazama meza. Sahani ya tatu ilikuwa imerudi, na glasi yake, na kitambaa chake, ila safari hii kitambaa kilikuwa kimekunjuliwa. Alikuwa hajamwona mhudumu yeyote akipita.

Chakula kikaja mwishowe. Nyama ya kuoka ilikuwa imepoa, ya kijivu hadi katikati. Viazi vigumu. Pudini ya Yorkshire, andazi la kuoka linalotakiwa kufura, kitu ambacho mama yake Glenda alikuwa akikipika amefumba macho, ilikuwa imebonyea kama kofia iliyokaliwa. Mhudumu akarudi baada ya muda, mikono nyuma, tabasamu usoni, na lile swali ambalo wahudumu wote wa nchi hii hupenda kukuuliza mdomo ukiwa umejaa.

"Kila kitu kiko sawa?"

Glenda alikuwa bado anatafuna kile kiazi. Norman akamwahi. "Kizuri sana, asante."

Kiti cha tatu kikasogea mbele. Glenda alikisikia kikikwaruza sakafu, na akaona miguu ya kiti ikiingia kwenye ukingo wa zulia.

"Umekiona?"

"Jengo la zamani hili," Norman akasema. "Sakafu zimelala upande."

Watu wa huku hawasemi jini. Wanasema jengo la zamani, wanasema mabomba, wanasema upepo umepita chini ya mlango. Unaweza kuishi na shetani mwenye pembe ndani ya nyumba ya Mwingereza, akakueleza kuwa ni boila ya maji ya moto inapoa. Glenda akaweka uma chini. Alitaka kupiga kelele na alitaka kulia, na vyote viwili vilikuwa haviruhusiwi ndani ya Ellershaw.

"Onja hiyo nyama, uniambie ukweli."

"Si mbaya."

"Imepoa kama jiwe!"

"Kwa nje kidogo. Ndani ina uvuguvugu."

Akaja mhudumu wa pili. Kila kitu kiko sawa? "Safi kabisa," Norman akasema, na kiti kikasogea tena, mpaka kikagusana na cha Norman. Sasa harufu ya sufu ilikuwa nzito mno, Glenda akaweka kitambaa puani. Akaona shingo ya Norman imebonyea pande zote mbili, alama nyeupe nne upande mmoja na moja upande wa pili, mahali ambapo vidole vya mtu vingekaa. Midomo yake ilikuwa inaingia rangi ya bluu. Akaanza kutoa sauti ile ile, khh, khh, mdomo umefungwa, na huku anatabasamu.

"Norman, unapaliwa!"

Norman akainua mkono kumtuliza, kama anavyofanya kwenye foleni ya posta. "Niko sawa," akasema kwa sauti nyembamba, na zile alama zikazama zaidi.

Glenda akasimama, kiti chake kikaanguka kwa kishindo, na ukumbi mzima ukageuka. "Nyama yenu mbovu!" akapaza sauti. "Tumekaa saa nzima! Meza yenu ina kitu! Mume wangu anakufa hapa, njooni!" Ilikuwa aibu ambayo mama yake asingemsamehe, na haikusaidia chochote. Norman alizidi kuwa wa bluu.

Aliyekuja mbio alikuwa mkuu wa wahudumu, Bwana Tolson, mzee mrefu mwenye glovu nyeupe. Hakuuliza kulikoni. Alitazama sahani ya tatu, akavuta pumzi.

"Nani amewaweka kumi na nne? Nimewakataza, Mungu wangu, nimewakataza!"

"Ni nani huyu?" Glenda alinong'ona, hajui kwa nini ananong'ona. "Anayemkaba ni nani?"

"Mfanyabiashara wa sufu, madamu. Alikufa kwenye karamu, papa hapa, zamani za babu zetu. Alikwamwa na mwiba wa samaki wakati mwenyekiti anahutubia. Akaona aibu kukohoa. Akakaa akitabasamu mpaka hotuba ikaisha, na ilipoisha na yeye alikuwa ameisha. Hakutaka kusumbua watu."

"Mtoeni!"

"Hatoki kwa kelele zako, madamu. Makasisi wamekuja wawili, wa pili akaambulia mkono wa baridi kama barafu. Huyu anawafuata watu wa namna yake, wanaosema kizuri na wanajua ni kibaya. Kila mmoja wao akisema sawa, yeye anamkaza koo. Mpaka aseme ukweli mwenyewe. Bwana mwenyewe."

Glenda akapiga magoti kwenye zulia la Ellershaw na gauni lake jipya. "Norman, sema. Sema nyama mbaya."

"Khh... wamejitahidi..."

"Norman Sugden, nitakuua kabla ya huyu! Sema!"

"Imepoa," Norman akasema. Mlango wa jikoni ukatikisika. Kidole kimoja kikaachia, Glenda aliona ngozi ikirudi.

"Endelea!"

"Viazi vigumu. Nguzo... siipendi nguzo."

"Si hilo tu," Bwana Tolson akasema taratibu. "Samahani, bwana, lakini haachii kwa viazi. Kuna kitu kingine umekimeza. Anakijua, ndiyo maana amekukalia karibu namna hii."

Norman akamtazama mkewe, na Glenda akaona macho yake yamejaa maji, akaona baridi ikipanda kutoka kwenye kiti cha tatu kama moshi mweupe na kumzunguka Norman mabega, akasikia visu vya meza zote vimenyamaza na watu wote wanajifanya kutazama sahani zao, akasikia karibu kabisa na sikio lake mtu asiyeonekana akijizuia kukohoa, na kujizuia, na kujizuia, na akajua kwa namna ambayo hakuweza kuieleza baadaye kwamba kile kitu hakikuwa na hasira, kilikuwa na aibu tu, aibu kubwa na ya miaka mingi kuliko jengo lilivyoweza kuibeba, na kwamba kingemchukua mumewe kwa upole kabisa, bila kumwaga hata tone la divai.

"Nina saratani," Norman akasema. "Ya kongosho. Waliniambia Februari. Siko sawa, Glen. Siko sawa hata kidogo."

Akakohoa. Alikohoa kwa nguvu, mdomo wazi, mate yakaruka, mara tatu, nne, mpaka kitu kikaanguka juu ya kitambaa cheupe cha meza. Ulikuwa mwiba wa samaki, wa njano, mrefu kama kidole. Norman alikuwa amekula ng'ombe. Kiti cha tatu kikaanguka chali, na ile harufu ikakatika.

Bwana Tolson akauchukua mwiba kwa glovu yake, akaufunga ndani ya kitambaa. Akawaletea makoti mwenyewe, akawasindikiza hadi nje, na wala hawakuletewa bili.

Ndani ya gari, kwenye maegesho ya ghorofa ya tatu, Glenda alilia kwanza. Kisha akapiga usukani kwa kiganja.

"Kila asubuhi, Norman! Kila asubuhi ya Mungu nilikuuliza!"

"Najua."

"Umekwenda hospitali peke yako? Kwa basi?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Mimi ni mke wako! Nisumbue! Nilizaliwa nisumbuliwe!" Akajifuta pua kwa mkono wa koti. Akamshika mumewe mkono. Ulikuwa umepata joto, na shingo yake ilikuwa shingo tu, nyembamba, haina alama. "Haya. Heather lazima ajue. Leo. Aambiwe na wewe, si mimi."

Norman akatikisa kichwa kukubali. Akapiga simu, akaiweka kwenye spika. Heather, binti yao, akapokea kwenye mlio wa pili, na nyuma yake watoto wanagombania kitu.

"Baba! Sikukuu njema ya ndoa! Mmekula nini? Mama ameshagombana na watu?"

"Kidogo," Norman akasema.

"Nilijua! Na wewe je, baba? Uko sawa?"

Norman akamtazama Glenda. Akafungua mdomo, na Glenda akamwona anatafuta lile neno, akaona limefika kwenye ulimi. Kule kwa Heather mtoto akaanza kulia.

"Sawa kabisa, mwanangu," Norman akasema. "Mlo ulikuwa mzuri sana. Haya, waangalie watoto."

Akakata.

"Alikuwa ana shughuli," akasema. "Nitamwambia kesho. Kweli, Glen. Kesho."

Glenda akashika usukani. Hasira zake zote zilikuwa zimeisha, na mahali pake palikuwa pamebaki kitu kibaya kuliko hasira. Akageuza ufunguo waondoke. Gari likawaka, halafu likaanza kulia, piii, piii, piii, na taa nyekundu ikajitokeza mbele yake kwenye dashibodi: kiti cha nyuma, abiria hajafunga mkanda.

Hakugeuka nyuma. Alizima gari, akaichukua simu mapajani mwa mumewe, akamrudishia mkononi, na huo mkono ulikuwa tayari umeanza kupoa.

"Mpigie tena," akasema.