Kiti cha Kushoto

Dereva anayejua kazi yake haegeshi gari likitazama ukuta. Novatus alilishika hilo maisha yake yote, na alipostaafu akalihamishia kwenye magari yake madogo, yale ya kuenea kiganjani. Yote aliyapanga pua nje, tayari kuondoka. Kwa hiyo mchana ule alipoinama kwenye kibanda cha uani akakuta Datsun nyekundu imegeuka, pua ndani, alijua si yeye aliyeigeuza. Na mtu mwingine hakuwapo. Tangu mkewe Milembe afariki, nyumba ile ya pembeni mwa mji wa Bariadi ilikuwa ya sahani moja, kikombe kimoja na redio.

Alisema ni panya. Mtu akiishi peke yake panya husingiziwa mengi.

Majirani walimcheka kwa magari hayo, na kwa kweli mzee mwenye mvi kununua vigari si jambo la kila siku. Lakini yalikuwa na asili yake. Miaka mingi alimwendesha mhandisi wa visima, Mjapani mmoja mpole aitwaye Mori, kutoka Maswa hadi vijiji vya ndani kabisa vya Nkololo. Siku ya kuagana, Mori alimpa kigari cha chuma, Honda S800 ya njano, isiyo na paa, viti viwili tu. Alimwambia kwamba akiwa mtoto kwao aliliona gari lenyewe likipita barabarani, na hakuwahi kulipata mpaka uzee. Ugonjwa ukamwambukiza Novatus. Akawa anaagiza kwa wakala wa Mwanza, vifurushi vinakuja na basi: Datsun Fairlady nyekundu ya zamani, Mazda MX-5 ya kijani yenye taa zinazoinuka. Malori na Land Cruiser hakuyataka, hayo alishayaendesha yakamchosha mgongo. Alitaka gari la watu wawili wasio na mzigo wala haraka.

Milembe alimtania kwamba angeanza na gari kubwa kwanza. Lakini jioni, vyombo vikishaoshwa, alikuwa anaweka kidole chake kwenye kiti cha kushoto cha ile Datsun, anasema, "Mimi hapa." Na Novatus anajibu, "Panda twende." Ndiyo ilikuwa safari yao. Hawakuwahi kufika popote, na walikuwa na furaha sana.

Milembe alipofariki ndugu zake walimzika kwao Ipililo. Novatus akashindwa kuyatazama magari pale kabatini, na kuyagawa akashindwa pia. Akakumbuka kibanda.

Kiwanja alikuwa amekinunua kwa watoto wa mzee Bujiku, wafugaji, nao waliacha kwenye kona ya ua kijumba cha nyasi kisichozidi goti. Ni vile vijumba ambavyo Wasukuma huwajengea masamva, yaani wahenga wa ukoo, ili mzee aliyetangulia akija awe na pa kupumzikia. Watoto wale walikuwa wameokoka. Walisema hamna kitu humo, baba, bomoa tu. Novatus hakubomoa. Alikitazama kwa jicho la mpenda magari, akaona gereji.

Akaezeka kipande cha bati, akatia kimlango cha wavu. Kisha akataka mistari ya maegesho, kama ile ya mjini. Chokaa hakuwa nayo. Akachota unga wa mtama, akaukoroga na maji, akachora mistari kwa kidole mbele ya kimlango, myeupe, imenyooka, akaipenda. Bibi yeyote wa Simiyu angemwona angeangusha jembe. Unga wa mtama na maji kwenye mlango wa kijumba kile ndivyo marehemu wanavyokaribishwa waje wale! Na yeye, Mkatoliki wa benchi la mbele, akachuchumaa hapo jua likizama, akaweka kidole kwenye kiti cha kushoto, akasema kwa sauti, "Milembe, panda twende."

Aliandaa chakula, akaita, akafungua mlango. Halafu akashangaa kwamba amekuja mtu.

Baada ya Datsun kugeuka, mistari ilianza kufutika, si kama imefagiliwa, bali kama imelambwa. Vumbi lililotanda juu ya magari yote halikugusa kile kiti kimoja. Kisha ikaja harufu, nayo ilikuja saa ya jua la utosi, majirani wakiwa mashambani kuchuma pamba na mtaa mzima umenyamaza: harufu ya samli iliyochacha na ngozi mbichi ya ng'ombe. Novatus aliijua harufu ya mkewe. Ilikuwa ya sabuni ya kufulia na mafuta ya mgando. Samli Milembe hakuivumilia hata kwenye uji. Hilo Novatus alilijua vizuri, akajifanya halijui, akachora mistari mingine. Upweke ni mwalimu mbaya, humfundisha mtu kutoona.

Halafu mchana mmoja, amekaa kwenye kigoda chake karibu na kibanda, redio imezimwa kwa kuishiwa betri, akasikia mngurumo mdogo kama wa nyigu ndani ya kopo, akadhani ni nyigu kweli, lakini mngurumo ukapanda na kushuka kama dereva anayebadilisha gia, ukapanda tena, na ndani yake kukawa na kikohozi, kikohozi kikavu cha mtu aliyekaa na vumbi miaka mingi, na harufu ile ya samli ikamjia usoni ikiwa na joto kama pumzi, na kutoka kwenye kile kijumba ambacho hata kuku asingeenea vizuri, sauti isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume ikasema taratibu, karibu sana na sikio lake, "Mimi hapa."

Aliinuka nusu, kigoda kikalia. Lakini hakukimbia. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amwambie neno lolote mchana.

Binti yake Joyness, muuza dawa za mifugo Maswa, alikuwa amemwomba mara nyingi ahamie kwake. Kila mara alijibu kwamba magari yatabaki na nani. Jumapili moja alikuja bila taarifa, na akiwa bado nje ya geti akamsikia baba yake akiongea uani, ananyamaza, anaongea tena. Katika ule ukimya kulikuwa na mtu anayemjibu. Aliingia akamkuta peke yake, amekonda, midomo ina unga.

Joyness hakubishana naye. Alikwenda Nkololo akamleta Nyanjige, mganga mwanamke mwenye umri wa mama yake.

"Mwadila, baba," Nyanjige alisalimia, salamu ya mchana. Hakungoja kiti. Aliinama kwenye kibanda, akanusa, akarudi nyuma. Kisha akaongea chini chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala.

"Ulimwita nani hapa?"

"Mke wangu."

"Mke wako amelala kwao, ametulia. Huyu hana jina. Wenye nyumba waliondoka, wakamwacha na njaa. Umemlisha, na umempa jina la mtu."

Novatus alinong'ona kwamba huyo hamdhuru, wanaongea tu.

"Gari lina viti viwili, baba," Nyanjige alisema. "Yeye ameshakaa. Anangoja dereva."

Joyness alianza kulia bila sauti. Alimshika baba yake mkono, akamwambia kwamba mama amekwenda na yeye hana mzazi mwingine. Hapo ndipo Novatus alipokubali. Magari yakatiwa kwenye boksi. Nyanjige akafuta mistari kwa majivu, akamwaga dawa zake, na kijumba kikabomolewa hadi chini. Lakini alisema kazi kubwa si yake. Mwenye kuita ndiye wa kufukuza. Novatus akasimama juu ya udongo ule, mzee mzima, machozi yanatiririka, akasema, "Sikukuita wewe. Milembe amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Upepo wa kisulisuli uliinuka pale pale, ukapita getini, na mbwa wa jirani wakaupisha njia. Nyanjige akamwonya asiite tena hata kwa mzaha. Wakakubaliana kwamba Joyness atarudi Jumamosi na gari la kukodi, amhamishe.

Siku zile Novatus alifunga mizigo. Harufu iliisha, nyigu akanyamaza, na ukimya uliobaki ulikuwa mzito kuliko hofu. Alimpigia Joyness Ijumaa jioni kumwambia yuko tayari. Alisema pia kwamba anatamani kumuaga Milembe vizuri. Joyness alidhani anazungumzia kaburi, akamwambia watapitia Ipililo.

Jumamosi alimkuta uani, kwenye kona ilipokuwa gereji. Amekaa chini, ameegemea ukuta, mguu wa kulia ameunyosha mbele, mikono miwili imeinuka kidogo na kukakamaa hivyo hivyo. Mwili ulikuwa wa baridi. Mbele yake kulikuwa na mistari mipya ya unga, myeupe, imenyooka, na katikati yake Datsun nyekundu, pua nje.

Daktari alisema moyo. Watu wakaja, wakalia, wakamsitiri. Joyness ndiye aliyelifunga boksi la magari, na Datsun akaiacha mwisho. Ilikuwa imelala nje kwenye umande na sasa iko kivulini, chuma chake kina baridi kama mkono wa baba yake. Akaigeuza kiganjani. Bila kufikiri, akaweka kidole kwenye kiti cha kushoto, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

Kiti kilikuwa na joto la mtu aliyekaa muda mrefu.

Alisimama hapo, anasikia wanawake wakikoroga ugali wa msiba upande wa pili wa nyumba, na harufu ya samli inapanda polepole. Kisha akahamisha kidole, akagusa kiti cha kulia. Nacho kilikuwa na joto.