Pengo Kwenye Kaseti ya Navalayo

Jioni hiyo nilitumwa dukani na kilio. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya miwa, mvua ya kila siku inanukia, nami nimesimama kwenye duka la dawa pale Lurambi nikitafuta dawa ya tumbo ya watoto.

"Bado analia tu, Mama Mitchel?" muuzaji akaniuliza.

Nikamwambia anipe dawa, maswali awaulize polisi. Sikuwa nimelala tangu Jumapili, na mtu asiyelala msimtafutie adabu.

Mjukuu wangu alikuwa mchanga bado, na hakuwa na jina. Alilia mchana, akalia usiku, titi akiwekewa analisukuma kwa ulimi. Mwisho wa kila kilio alikuwa na kakwikwi kadogo, hik, halafu anaanza upya. Hospitalini walimpima wakasema ni mzima. Lakini kwetu mtoto akilia hivyo hata jirani anajua: anataka jina. Watu wa upande wa baba huketi naye, wakiita wafu wao mmoja mmoja huku mama anamtegea titi. Likiitwa jina akanyamaza na kunyonya, basi, huyo ndiye aliyerudi. Na anayeita hufunga mdomo papo hapo.

Shida ilikuwa upande huo wa baba. Titus, fundi wa kuchomelea aliyesomea Sigalagala, aligongwa na tela la miwa kabla mwanawe hajazaliwa. Baba na mama yake walikuwa wametangulia. Aliyebaki ni senge yake, dada ya baba yake, Dorothy, kule Mautuma. Sasa huyo Dorothy, siku ya mazishi, alisimama mbele ya watu akasema tumbo la binti yangu Mitchel si la kwao. Nilimjibu. Nilimjibu hadi mchungaji akalazimika kuanzisha wimbo.

Halafu mimi niende Mautuma kumpigia magoti? Thubutu!

Nikiwa bado pale dukani, chupa mkononi, wazo likanijia. Mimi ndiye mtunza funguo wa makavazi madogo ya kanisa letu, nyumba ya vyumba viwili yenye harufu ya vidonge vya mende. Humo kuna historia ya watu wa kaskazini, Lugari yote na Mautuma: picha za mashamba ya Wazungu, majembe ya walowezi wa kwanza, na kabati la kaseti. Mwalimu mmoja mstaafu alizunguka miaka hiyo na redio begani, akiwahoji wazee. Kaseti moja ni ya Navalayo wa Mautuma. Mama yake Dorothy. Nyanya yake Titus! Na nilikuwa nimeisikiza nikipangusa vumbi. Ndani yake Navalayo anawaita wafu wa boma lake, wote, mpaka mwisho.

Mwitaji si huyo? Nikakimbia nyumbani, nikamfunga Mitchel shuka begani, tukatoka na mtoto akilia.

Nehemiah alikuwa anafunga madirisha. Yeye ndiye anayehamisha kaseti kwenda kwenye kompyuta, kijana wa heshima, lakini siku hiyo alisita.

"Mama Mitchel, huyu si amekufa? Aliyekufa anawaitaje wafu?"

"Wewe ni wa mashine, Nehemiah. Bonyeza."

Akabonyeza.

Shhhhh... Kisha kikohozi cha mwanamke mzee. Kisha sauti, kavu, isiyo na haraka.

"Osundwa."

Mtoto akalia. Mitchel akamtegea titi, akalisukuma.

"Phoebe." Akalia. "Erastus." Akalia zaidi. "Abigail." Hik, akaanza upya. Mitchel naye machozi yanamtoka, anamtikisatikisa.

Kisha Navalayo akanyamaza. Ilibaki ile shhhhh ya kaseti, ndefu... ndefu mno. Nikadhani imekwisha. Harufu ya vidonge vya mende ikapotea. Badala yake ikaja harufu ya mahindi mabichi, majani yenye umande, kana kwamba mtu amefungua mlango wa shamba. Nikamwona Nehemiah anainua pua. Naye alikuwa ameisikia.

Na mtoto akanyamaza.

Ghafla tu. Akageuza uso, akalishika titi, akavuta kwa nguvu hata Mitchel akaguna.

"Willis," Navalayo akasema kwenye kaseti, baada ya lile pengo.

Nilipiga makofi. "Willis! Asante Yesu! Jina ni Willis!"

"Mama," Mitchel akanong'ona, "alinyamaza kabla ya Willis. Hakukuwa na jina hapo."

"Kabla, baadaye, ndiyo nini? Mtoto amenyamaza! Jina ni Willis, tukalale."

Nehemiah alikuwa hajazima mashine. Sauti ya Navalayo ilituaga mlangoni, ikiendelea kuita wengine.

Tulilala. Hakulia usiku ule, wala uliofuata. Kliniki wakamdunga sindano, akaitazama tu sindano, kisha akamtazama muuguzi usoni mpaka muuguzi akaangalia pembeni. Alichofanya ni kunyonya. Aliamka ananyonya, alilala ananyonya, na kifua cha Mitchel kikapasuka vidonda.

"Mama, huyu hanyonyi kama mtoto," akaniambia. "Ananyonya kama mtu aliyengoja miaka."

"Shukuru anakula," nikamjibu. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kumbeba. Ukimbeba alikuwa mzito, na shingoni alinuka mahindi.

Jioni moja Nehemiah akanipigia simu. Nilimkuta amekaa mbali na meza, mikono kifuani.

"Sikiza," akasema.

Osundwa... Phoebe... Erastus... Abigail... Kisha lile pengo. Shhhhh.

Na ndani yake, mbali, mtoto analia.

Nilikijua. Kilio kilichoninyima usingizi wiki nzima ningekosaje kukijua? Kililia, kikapanda, na mwishoni... hik.

"Ilijirekodi siku ile," nikasema.

"Sikubonyeza kurekodi. Na nakala niliyoweka kwenye kompyuta zamani haina mtoto. Ina shhhh peke yake." Akasogeza kiti nyuma zaidi. "Mama Mitchel, nimeisikiza kila jioni. Juzi alikuwa analia kwa nguvu. Leo amepungua."

Kesho yake nilikuwa Mautuma.

Dorothy alikuwa uani anapukusa mahindi. Hakunikaribisha kiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kiburi changu nimekimeza chote, na nilipofika kwenye pengo mikono yake ikasimama.

"Mlimwitia majina na redio?"

"Dorothy, ungekuja wewe?"

"Ungeniita ningekuja!" Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Na matusi yako yote, ningekuja! Ningekuja nimzibe masikio!"

Sikuelewa. Akaniambia basi, taratibu, bila kunitazama. Mama yake alizaa mtoto wa kwanza wakati wa Mzungu, akiwa kibarua kwenye mahindi. Alimlaza mwisho wa mstari, chini ya majani, na nyapara akakataza mtu kuacha mstari kabla ya kuumaliza. Mtoto akalia njaa. Mama akalima. Maziwa yakimtiririka tumboni, kiboko kiko nyuma yake, alilima anamsikia. Mpaka akamsikia amenyamaza.

"Hakuwa amepewa jina. Walimzika hapo hapo, msimu uliofuata trekta likapita juu yake." Dorothy alikusanya punje zilizomwagika, moja moja. "Mama akiwaita wafu wake, akifika kwake, anakaa kimya. Hapo ndipo mahali pake. Asiye na jina haitwi, lakini anaachiwa nafasi. Sisi tukifika hapo tunamziba mtoto masikio kwa viganja, hadi pengo lipite. Kila mtu wa hapa anajua."

"Anataka nini?"

"Titi. Atake nini kingine?"

Nilikaa chini mchangani. Nikamuuliza wetu yuko wapi, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Wenu yuko mwisho wa mstari," Dorothy akasema. "Mnyimeni huyu titi, kaseti ikiwa inalia. Akishindwa akalia, atatoka, na wenu atafuata sauti. Lakini binti yako asimpe hata tone. Nakwambia tena, hata tone."

Tulifanya siku ile ile, mvua ikipiga bati. Nehemiah aliwasha mashine akatoka nje, akasema hawezi. Mitchel alikaa na mtoto mapajani, gauni limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa hajamnyonyesha tangu nilipompigia simu kutoka Mautuma. Mtoto hakulalamika. Alimtazama mama yake, kisha vile vifungo, kisha mama yake.

Pengo likafika. Shhhhh... Na kile kilio, chembamba, cha mtoto aliyechoka.

Mitchel akaruka. "Ni yeye! Mama, ni mtoto wangu!" Akaweka kiganja kwenye spika, akaipapasa, akaipapasa. Maziwa yakaanza kulowesha gauni lake, mabaka mawili yanapanuka mpaka kiunoni.

"Kaza moyo," nikanong'ona. "Huyu alie kwanza."

Hakulia. Tulirudisha kaseti, tukairudisha tena. Kilio kilikuwa kinafifia kila tukirudi. Huyu wa mapajani akaanza kubadilika rangi. Midomo ikawa ya majivu. Vidole vidogo vikashika kifungo kimoja, vikakiachia. Kichwa kikalegea, macho yakapinduka.

"Anakufa, Mama!"

"Anakudanganya!"

"Ni mwili wa mtoto wangu! Akifa, yule atarudi wapi?"

Dorothy hakuniambia hilo, nami sikumuuliza. Nilichofanya ni kumshika mikono, nikaishika kwa nguvu zangu zote, na binti yangu niliyemzaa akanigeukia akaniuma kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka. Vifungo vikaruka sakafuni. Akampa titi.

Mtoto akavuta.

Kwenye kaseti kilio kikakatika. Kikajaribu tena. Hik.

Hik...

Kisha shhhhh. Mvua. Na sauti kavu ya Navalayo, ikisema neno ambalo halikuwahi kuwamo kwenye kaseti ile, na mimi nimeisikiza mara ngapi:

"Amenyamaza."

Willis akaachia titi, akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza. Mitchel alikaa amemkumbatia, anamtazama, na sijawahi kumwona mtu anakumbatia kitu anachokichukia hivyo.

Sasa Willis anatembea. Ni mnene, mzuri, wamama kanisani wanamgombania. Juzi alishika jiko la makaa, ngozi ikababuka, akauangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. Mahindi yakikomaa hatumpati ndani. Tunamkuta ameketi mwisho wa mstari, anangoja. Dorothy alikuja mara moja tu, akamtazama akiwa langoni, akageuka bila kuomba hata maji. Willis ananiita kukhu, nyanya, nami naitika. Nifanyeje?

Mitchel ameolewa tena, na mtu mpole wa kiwanda cha sukari, na ana mimba kubwa. Mwezi jana, tukichambua mboga, aliniuliza polepole, "Mama, ile kaseti iko rafu gani?"

Nikamwambia niliichoma. Nilimdanganya. Nani atachoma mahali alipo mjukuu wake? Niliitoa makavazini, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka ndani ya sanduku langu chini ya kitanda. Siku moja moja naiwasha kwenye redio ya zamani niliyoazima kwa Nehemiah, kwa sauti ya chini. Hakuna kilio. Lakini ukitega sikio vizuri kuna mtu anapumua.

Leo jioni nimetoka sokoni nikakuta sanduku liko wazi na kitambaa kiko sakafuni. Mitchel alikuwa ameketi kitandani mwangu, tumbo limemjaa mapajani, redio ya zamani ya Nehemiah iko karibu naye, betri mpya ndani. Willis alikuwa uani. Nilimsikia anacheka.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyo wa tumboni ana kosa gani?"

Alinitazama kwa upole, kama anayemweleza mtoto.

"Hana jina bado, Mama," akasema. Akabonyeza.