Barafu ya Kwa Bakili

Kila asubuhi hapa kwetu Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, mambo ni yale yale. Mimi natoa kiti changu barazani, mjukuu wangu Mwanamkuu anafagia ukumbi, halafu anakuja kuniamkia. Wabeba mizigo wameshaanza kelele zao, na mfereji wa mbele ya nyumba umeshaanza harufu yake. Mfereji ule, jamani! Maji meusi, mabaki ya vyakula, na juzi kulikuwa na panya kavimba kama andazi. Naukirihi, lakini pua yangu imeuzoea. Hilo la pua mlikumbuke, maana ndilo lililoniponza.

Jumamosi moja tulikuwa na mgeni. Dada yangu Maimuna, ambaye tulikuwa hatujaonana miaka thelathini na moja, alikuwa anatoka Maskati kwenda Moroni, kule Ngazija, kumwoza binti yake. Ndege yake ilitua hapa Dar saa mbili asubuhi, na ya kumpeleka Ngazija ilikuwa inaondoka saa kumi jioni. Ukitoa foleni za barabarani na za uwanja wa ndege, zinabaki saa nne tu za kukaa nasi. Na ndege hiyo ikimwacha, nyingine ni Jumatano. Harusi ni Jumapili, yaani kesho yake!

"Kaka," aliniambia kwenye simu, "nataka mambo mawili tu. Ninywe ukwaju wa nyumbani, halafu wewe mwenyewe unipeleke kwenye maduka ya khanga, kama alivyokuwa anatupeleka mama. Nimchagulie bi harusi doti yake."

Nikamwambia hilo dogo.

Basi umeme ukakatika saa moja asubuhi, jokofu likazima. Mgeni atakunywa ukwaju wa moto? Nikamwita Mwanamkuu. Ana miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu, mwepesi zaidi wa majibu.

"Nenda Mtaa wa Swahili kwa Selina. Yeye ana jenereta. Leta barafu za pakiti."

"Mbali, babu! Mgeni akija sipo, mtaenda kwenye khanga mniache."

"Hatukuachi. Nenda."

Akatoka na ndoo. Sijamaliza hata kuoga, nikasikia anaponda barafu uani. "Mwanamkuu! Umepaa?" Akacheka, lakini hakunitazama usoni. Mimi mzee mzima sikujiuliza. Nikamimina glasi moja kuonja. Tamu! Nikaongeza ya pili. Kulikuwa na kiharufu fulani hivi, nikasema moyoni, aa, mfereji huo.

Maimuna akafika saa tatu na nusu. Tukalia, tukacheka, tukalia tena. Mwanamkuu akamwamkia bibi yake, akaleta glasi barazani kwenye sinia. Akaliweka, akabaki kumtazama bibi yake anavyoinua glasi.

Maimuna akapiga funda moja. Akalitema lote mferejini. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kitu. Kinang'aa, kikubwa kama ukucha wa dole gumba.

"Kaka," akasema, "ukwaju wa siku hizi una magamba?"

Nikachungulia ndani ya jagi. Lo! Juu kuna utando unaovutika kama makamasi, na chini kamekaa kautumbo kekundu kamejikunja. Na mimi nimeshakunywa glasi mbili!

"Barafu hii umeitoa wapi?"

"Kwa Selina, babu."

Sikungoja. Nikabeba jagi lile na gamba lake, nikaenda mbio mpaka Mtaa wa Swahili, Mwanamkuu nyuma yangu analia, Maimuna nyuma yake anahema. Selina ni mama mmoja kutoka Songea, mpole, anauza maji na barafu kwa watu wa sokoni. Nilimkuta na wateja kama sita.

"Selina! Unatuuzia uchafu!"

"Shikamoo kwanza, mzee," akasema.

"Marahaba, na gamba hili la nani?"

Nikawaonyesha wote. Mama mmoja aliyekuwa ananyonya barafu akaitema pale pale, akatamka, "Kefule!" Wengine wakaweka pakiti zao chini. Selina akaanza kuziokota zile pakiti. "Mzee, mimi maji yangu nayachemsha. Utanimaliza!"

Hapo Mwanamkuu akanishika shati.

"Babu, mwache. Sikuja huku. Nilichukua kwa Bakili."

Bakili anauza samaki, hapo hapo pembeni ya nyumba yetu.

"Barafu ya kwenye sanduku la samaki?"

"Nilichukua ya juu juu, babu. Nilijua barafu ni barafu. Na niliisuuza."

"Uliisuuza na maji gani?"

"Ya kwenye ndoo yake."

"Ile anayooshea matumbo ya samaki?"

Yule mama akatema tena, ingawa mdomoni hakuwa na kitu.

Nikamwomba radhi Selina mbele ya wateja wake. Aibu ilikuwa yangu pia, nilipayuka kabla sijauliza. Selina akasamehe, akampa Mwanamkuu pakiti mbili. "Kamtengenezee bibi yako upya, mwanangu. Unawe mikono kwanza."

Tulivyorudi nyumbani, saa nzima ilikuwa imekwenda. Na tumbo langu likaanza kuzungumza. Nikaingia chooni, nikatoka, nikarudi. Mara ya nne sikutoka tena. Kule ndani siwasimulieni, msije mkashindwa kula.

Kwa hiyo kwenye khanga nikaachwa mimi. Mwanamkuu ndiye aliyempeleka bibi yake.

Saa saba na nusu nikasikia hatua nje ya mlango wa choo.

"Kaka, nakuaga. Teksi imefika. Sisogei karibu, kunanuka."

"Tumbo lako vipi?"

"Zima. Nilitema lote. Na ukwaju mpya nimekunywa, mtamu kama wa mama." Halafu akageuka, nikamsikia anasema na mjukuu wangu. "Mwanamkuu, ulitaka kuokoa robo saa, umetupotezea saa nzima, na kwa babu yako nimeambulia mlango tu. Kuchukua barafu chafu ni kosa, lakini mtoto hukosea. Ila uliniona naipeleka glasi mdomoni, ukanyamaza. Ningeugua, binti yangu angeolewa bila mama yake. Ukikosea, sema kabla mtu hajanywa."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Kaka, tazama!"

Pindo la khanga likaja juu ya mlango, jekundu, lina maua meupe. Zuri, wallahi. Nikainua mkono nilishike, kisha nikaurudisha. Nilikuwa sijanawa.

Maimuna aliwahi ndege, na Jumapili tukasikia vigelegele vya Moroni kwenye simu. Nanyi wajukuu zangu mnaosoma haya, kitu kuwa baridi si kuwa safi, na anayeficha uchafu anamnywesha mwenzake. Mwanamkuu ameelewa. Siku hizi kila akiniletea glasi, anakunywa funda la kwanza yeye, mbele ya macho yangu. Wala sijamwagiza.