Mlango wa Chumba cha Seva

Maiti ya Injinia Kepher Oyugi ilikutwa sakafuni, nyuma ya mlango wa chumba cha seva, katika kiwanda cha majani chai kilicho juu ya Kiptere. Kucha zake zilikuwa zimevunjika. Daktari wa polisi hakuchelewa kusema: gesi ya kuzimia moto ilijaa chumbani, marehemu akakosa hewa.

"Ni mtandao, Afande," alisema Weldon Kimeli, fundi mkuu wa umeme, aliyekuwa wa kwanza kufika. "Ulileta shida, gesi ikatoka, mlango ukakataa kufunguka."

Inspekta Rodah Chepkurui aliutazama mlango. Maelezo hayo yalimjia mepesi mno. Akamwita Velma, msaidizi wa marehemu, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Feni, vikaushio, milango, kila kitu hapa kina kidhibiti chake. Vinaongea kwa mtandao. Kimoja kikifa, cha jirani kinashika kazi. Injinia aliubuni hivyo, jengo lisitegemee kifaa kimoja."

"Na vyote vikifa?"

"Kufuli ni ya sumaku. Ikikosa umeme inaachilia, na gesi ikitoka mtandao unaukata. Huo mlango haungekataa, madam."

"Lakini ulikataa."

Rodah akapanda ngazi, akainua kibao cha dari. Waya mpya ulitoka kwenye taa ya chumba, ukaingia kwenye kufuli. Mtu alikuwa ameilisha kufuli umeme ambao mtandao haukuujua. Akashuka, akamrudia Kimeli.

"Ulipofika asubuhi, taa ya ndani ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka. Nilimwona kwa kioo cha mlango."

"Ukafanya nini?"

"Nikavuta mlango, nikaingia."

"Ukavuta tu?"

"Nikavuta tu."

Swichi ilikuwa nje, kando ya mlango. Rodah akaibonyeza, taa ikawaka.

"Vuta sasa."

Kimeli akavuta. Mlango haukutikisika. Rodah akazima taa, akauvuta kwa kidole. Ukafunguka.

"Taa ikiwaka, haufunguki. Nani alikuambia uzime taa kwanza?"

Kimeli akaketi kwenye ngazi.

"Mwaka jana ndugu yangu Kiplangat aliingia kwenye kikaushio kukisafisha. Kepher akakiwasha kwa simu, akiwa Kericho mjini. Hakuuliza kama kuna mtu ndani. Halafu akaambia wakubwa kijana alikuwa amelewa. Kiplangat! Hakuwahi kuonja pombe. Mama ameacha kwenda kanisani kwa aibu."

"Ungekuja kwetu."

"Nilikuja. Mliandika ajali."

Rodah akatoa pingu.

"Gesi uliifungua wewe?"

"Nilivuta mpini wa gesi ulio hapa nje. Nikasimama hapa."

"Akakuona?"

Kimeli akanyoosha mikono ifungwe.

"Aliniona kwa kioo. Akaacha kugonga, Afande. Alidhani nimekuja kumfungulia."