Sheria Aliyoipigania Numerio

Ndugu zangu wa mlima Aventino, hapa Roma, haya niliyaona kwa macho yangu, maana karakana yangu ya vyungu imepakana na nyumba ya Numerio, fundi viatu.

Ilikuwa nyumba ya kuonewa wivu. Asubuhi ungemsikia Numerio akigonga soli na kuimba, huku mkewe Vibia akikoroga uji wa ngano na kumtania, "Punda wa jirani ana sauti kukushinda." Binti yao wa pekee, Opia, alikuwa ameolewa na Vopisko, kijana wa ukoo mkubwa. Baba yake Vopisko alinuna, lakini kijana aling'ang'ania, na siku balaa lilipofika Opia alikuwa na mimba ya miezi saba.

Siku zile sheria ilikaa vichwani mwa wakubwa tu. Ukimshitaki mmoja wao, anakwambia sheria haisemi hivyo. Nawe utaiona wapi? Numerio alikuwa miongoni mwa waliodai iandikwe. Miaka tisa alisimama uwanjani akipiga kelele mpaka koo likamkauka.

"Na atakayeiandika ni nani, baba Opia?" Vibia alimwuliza siku moja.

"Wewe nawe! Ikishaandikwa, imeandikwa."

Laiti angelitafakari swali lile!

Mbao kumi za kwanza zilizoandikwa sheria zilipotundikwa uwanjani, Numerio alicheza ngoma mbele ya watu. Baadaye wakubwa walioziandika wakaongeza mbili. Kwa kuwa hakujua kusoma, alinishika mkono tukaenda kumwomba karani atusomee. Karani akasoma: watu wa koo kubwa na watu wa kawaida wasioane.

"Soma tena, mwanangu," Numerio akasema.

"Mzee, hata nikisoma mara mia ni hayo hayo."

Bwana mmoja nyuma yetu akacheka. "Si mlitaka iandikwe, fundi viatu? Haya, imeandikwa!"

Hazikupita siku tatu, Opia akarudishwa kwao. Vopisko alikuja nyuma yake, amembebea furushi la nguo, macho chini.

"Unamrudisha mke wako kama kiatu kilichokubana?" Numerio alimwuliza.

"Baba mkwe, zamani mzee wangu akikataa, nilibishana naye. Sasa ananionyesha ubao. Nibishane na ubao?"

"Na huyo aliye tumboni?"

"Atakuwa wa kwenu. Jina letu hapati."

Opia hakulia. Alichukua furushi lake mkononi mwa mumewe, akaingia ndani.

Alijifungua mtoto wa kike. Numerio akaacha kwenda uwanjani, kisha akaacha kuimba, mwisho akaacha hata kazi. Ngozi zikamwozea kwenye pipa. Vibia hakumkumbusha swali lake hata mara moja. Nadhani ukimya huo ulimuumiza mzee kuliko matusi.

Mwaka wa tano sheria ile ikafutwa. Mji mzima ulishangilia. Numerio, mgongo umeshapinda, alijikokota hadi kwa akina Vopisko. Bawabu hakumfungulia hata lango.

"Umechelewa, mzee. Bwana ana mke na watoto wawili. Mke wa ukoo wake."

Alirudi akamweleza binti yake, akaongeza kwamba angekwenda tena kesho, pengine angeonana na Vopisko mwenyewe. Opia alikuwa akimchana mtoto nywele. Hakugeuka.

"Acha, baba. Wao waandike, wafute, waandike tena. Mimi nimekwisha."

Mzee alikaa kizingitini. Hakufika majira ya kuvuna, tukamzika.

Funzo

Ndugu zangu, Numerio hakukosea kudai sheria iandikwe. Alikosea kuamini kwamba maandishi peke yake ni haki, akamdharau mkewe aliyeuliza jambo la maana. Mnapodai sheria, ulizeni kwanza nani anaiandika na nani hakuitwa kwenye kikao. Ubao mbaya huweza kushushwa kwa siku moja, lakini nyumba uliyoibomoa hairudi. Ya Numerio haikurudi.