Chiriku na Boila ya Baba

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia dukani kwa baba yake kuona kama kuna mtu wa kuzungumza naye. Alipenda soga, hilo halina ubishi, na jina lenyewe alipewa na shangazi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kutulia. Lakini dukani kuongea ilikuwa kazi. Familia ilikuwa imehamia nchi ya watu, na nyumba nzima ni yeye peke yake aliyeimudu lugha ya huko. Baba aliijua ya kusalimia na kushukuru. Shangazi aliijua ya kukataa bei. Basi akija mteja mwenye malalamiko, au mwenye nyumba, au mtu wa maji, Chiriku aliwekwa katikati akayageuza maneno huku na huku, na wakubwa wakamsubiri.

Duka lilikuwa la dobi. Mashine za kufulia zilikaa karibu na mlango, meza ya kupigia pasi katikati, na nyuma kabisa, kwenye kona isiyo na dirisha, ilikaa boila. Hiyo ndiyo iliyochemsha maji na kupeleka mvuke kwenye pasi kubwa, kwa bomba lililopita ukutani juu ya kichwa cha Shangazi. Baba aliinunua kuukuu kutoka kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara. Kwa furaha ya kupunguziwa bei, hakumuuliza kwa nini anafunga.

Baba alikuwa amepiga hesabu zake kabla ya kuhama, tena akazirudia. Alihesabu mashine, sabuni, pango na leseni, akaona anaweza. Kumbe ugenini leseni ni mlango wa kwanza tu. Kulikuwa na amana ya mwenye nyumba, ambayo huioni tena mpaka uhame. Kulikuwa na bima. Kulikuwa na vibali vya ukaazi vya kulipiwa upya kila mwaka, kwa kila kichwa. Hata maji machafu, ambayo kwao yalimwagwa tu yakaenda zake, huku yalilipiwa yakiingia na kulipiwa tena yakitoka.

“Huku ukipiga chafya unaletewa bili,” Shangazi alisema, akacheka peke yake. Baba hakuwa tena na moyo wa kucheka.

Aliyeumia zaidi na hesabu hizo alikuwa mbali. Mama alibaki nyumbani na mtoto mdogo, akisubiri nauli. Chiriku alimwacha mdogo wake anatambaa, na sasa alikuwa anakimbia na kumwita “dada wa simu,” kana kwamba Chiriku anaishi ndani ya simu. Usiku mwingine Chiriku alijaribu kukumbuka harufu ya kanga ya mama yake, akashindwa, akalia. Nauli ilikuwa imekaribia kutimia. Lakini siku moja wakila, Baba alisema bila kumtazama mtu kwamba kikizuka kitu kingine kimoja tu, nauli ndiyo itakayokwenda. Chiriku aliyasikia maneno hayo, yakakaa kifuani.

Wiki ileile akaja mkaguzi wa mitambo. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na mikono yake ilikuwa na makovu ya moto. Alimulika boila kwa tochi, akaigonga hapa na pale, kisha akashika kijiti cha chuma kilichokuwa juu yake, akakivuta. Hakikunyanyuka. Akavuta tena kwa nguvu, akazima tochi. Halafu alichuchumaa mbele ya Chiriku ili macho yao yalingane, akamweleza polepole.

Kile kilikuwa kijiti cha valvu ya usalama. Mvuke ukizidi, valvu hufunguka yenyewe na kuutoa nje. Hii ilikuwa imeganda kwa kutu na chokaa ya maji, haifunguki. Mvuke ukizidi leo, alisema, utajitafutia njia yake, na hakuna ajuaye utapitia wapi. Wasiiwashe kabisa mpaka wabadilishe valvu. Angerudi baada ya wiki mbili kuikagua tena, na karatasi zote za ukaguzi zingetoka ofisini baada ya hapo. Chiriku akamuuliza bei. Mkaguzi akamtajia ya valvu na ya fundi wa kuifunga. Ilikuwa karibu nauli nzima ya Mama.

“Anasemaje?” Baba aliuliza.

Chiriku aliitazama boila, si Baba. “Anasema ni ya zamani, ila ni imara. Tuisafishe tu. Atarudi kuiangalia tena.”

“Mbona amekunja uso hivyo?”

“Ndivyo walivyo watu wa huku, Baba.”

Baba akaridhika, maana ni kweli watu wa huko walikunja uso hata wakikushukuru. Akampa mkaguzi mkono, akasema asante kwa lugha yake. Mkaguzi naye akaitikia, akaondoka akiamini ameeleweka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba walikuwa wameagana juu ya mambo mawili tofauti.

Chiriku alijiambia ni siku chache tu. Tiketi ya Mama ikishakatwa, na fedha haziwezi kurudi, atasema kila kitu. Ulikuwa mpango wa mtoto, na kwa siku ya kwanza ulimpa usingizi.

Siku ya pili alianza kuisikia boila. Zamani ilikuwa inanguruma tu na hakuna aliyeijali. Sasa kila mlio ulikuwa na maana. Iliguna, ikanyamaza, ikaguna tena kwa sauti nyingine. Bomba la juu ya meza lilikuwa likilialia, na kwenye kiungo chake palianza kutoka matone ya maji ya moto. Shangazi alipafunga kitambaa, akaendelea kupiga pasi chini yake huku akiimba.

Chiriku akaanza vituko. Alimwomba Baba apunguze moto, akasingizia joto. Alijipa kazi ya kutazama geji, kile kisaa cha kupimia nguvu ya mvuke, na mshale ukisogea kuelekea alama nyekundu alijikwaa makusudi karibu na Baba, au akamwita nje kwa jambo lisilokuwapo. Wakati Baba hayupo alizungushia kijiti kitambaa, akakivuta kwa mikono yote miwili. Kilikuwa kana kwamba kimechomelewa. Shuleni mwalimu alimuuliza swali, akamuuliza tena, naye alikuwa anasikiliza mabomba ya darasani.

“Chiriku gani huyu asiyelia?” Shangazi alimtania. “Umemeza nini, tukutolee?”

Chiriku alicheka kidogo, akaenda kukunja mataulo. Alikuwa na neno moja mdomoni, na neno hilo lilikuwa na uzito wa mama yake.

Jumamosi asubuhi nyumba ya wageni ya jirani ilileta mashuka yake yote. Walikuwa wamepokea wageni wengi kwa mkupuo na walitaka kila kitu kirudi kabla ya jioni. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Baba alisugua viganja, akasema malipo ya leo yatafunga hesabu ya nauli, na kesho tiketi itakatwa. Kisha akaenda nyuma akaongeza moto.

Chiriku alisimama na lundo la mashuka mikononi. Kesho. Ilibaki leo tu. Alijilazimisha kukunja, akapanga, akakunja tena. Chumba kilijaa joto mpaka kuta zikatoa jasho. Boila iliguna kwa muda mrefu, halafu ikanyamaza, na ukimya huo ulimtisha kuliko kelele zote. Akaenda kutazama geji. Mshale ulikuwa umeivuka alama nyekundu, unaendelea taratibu. Juu ya boila valvu ilikaa kimya. Nyuma yake Shangazi alikuwa anaimba, kichwa kikiwa chini ya bomba, na kitambaa alichokifunga kwenye kiungo kilikuwa kinafuka.

Chiriku aliiona nauli, akamwona Mama, akamwona Shangazi. Mdomo ukafunguka.

“Baba, zima! Valvu imeganda, haifunguki! Shangazi, toka hapo!”

Baba hakuuliza. Huenda ni kwa sababu hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Alifunga gesi ya boila, akamkamata dada yake mkono, akawasukuma wote wawili mpaka barabarani. Shangazi alitoka na shuka moja begani, akilalamika kwamba kazi ya watu itaungua.

Hawakuwa wamefika upande wa pili wa barabara. Ulisikika mlio mkali, na kioo cha duka kikawa cheupe chote, kana kwamba kimepakwa chokaa kwa ndani. Kiungo kilikuwa kimeachia. Mvuke ulimwagika juu ya meza ya pasi na kuendelea kumwagika, ukatokea chini ya mlango, ukatambaa barabarani mpaka miguuni mwao. Shangazi aliitazama meza yake kwa muda mrefu. Hakuwa na mzaha wowote.

Jirani alipiga simu, wakaja zimamoto, na baada yao mkaguzi. Aliingia ndani pamoja nao, akatoka uso umemshuka. Alikwenda moja kwa moja kwa Baba akaanza kuongea kwa hasira, kidole kikielekea kwenye boila. Baba alisikiliza bila kuelewa hata neno. Kisha, kama alivyozoea, akamgeukia binti yake.

“Anasemaje?”

Ingewezekana tena. Angeweza kusema mkaguzi anauliza kama kuna aliyeumia, na Baba angeamini. Chiriku alilijua hilo, na kujua huko kulimtia aibu kuliko kidole cha mkaguzi.

“Anasema alitukataza kuiwasha,” alisema, machozi yakimtoka. “Anasema alieleza kila kitu, taratibu, siku ile ile, na mkalimani akasema ameelewa. Anauliza kwa nini hatukusikia.” Akavuta pumzi. “Mkalimani ni mimi, Baba. Bei ya valvu ilikuwa nauli ya Mama. Sikukwambia.”

Chiriku alingoja kofi, au kelele, na angevipokea vyote. Baba alimtazama dada yake akiwa na shuka begani, akazitazama nywele zake, shingo yake, mikono yake, kama mtu anayehakikisha hakuna kilichopungua. Ndipo akamwomba Chiriku amwambie mkaguzi kwamba kosa la duka ni la mwenye duka, na kwamba anaomba radhi. Chiriku akayageuza maneno hayo yote, bila kuacha hata moja.

Mkaguzi alifunga duka kwa mnyororo. Lingefunguliwa boila ikishapata valvu mpya na bomba jipya, naye akishaikagua. Pamoja na faini, na mashuka ya kuwalipa watu, gharama ilikuwa nauli yote na zaidi ya nusu yake tena.

Jioni Baba alimwita Chiriku mezani, akamkalisha kama anavyokalishwa mtu mzima.

“Umekosa, na kosa lako lingemuua shangazi yako,” alisema. “Anayebeba maneno ya watu hana ruhusa ya kuchagua yapi yafike. Jambo baya likifika mapema, wakubwa wanaweza kulishughulikia. Ukilificha, linakua, halafu linakuja kwa bei yake lenyewe. Umenielewa?”

“Nimekuelewa, Baba.”

“Na mimi nimekosa. Nilihesabu gharama za kufungua duka, sikuhesabu za kuliweka salama kila siku. Nikanunua boila bila kuuliza. Nikakaa nchi ya watu bila kujifunza lugha yao, kwa sababu nilikuwa na wewe na wewe ulikuwa bure. Hiyo ilikuwa gharama ya biashara, nikambebesha mtoto.” Alisema Jumatatu anajiandikisha masomo ya jioni, na mambo ya serikali yatatafsiriwa na mtu mzima anayelipwa. Shangazi alisema naye ataenda, ila asikalishwe mbele.

Duka lilifunguliwa tena mwezi uliofuata. Valvu mpya ilifunguka mkaguzi alipoijaribu, ikapiga mluzi, na Baba akamwambia mkaguzi sentensi nzima kwa lugha yake, mbovu mbovu lakini nzima. Mkaguzi alitabasamu, jambo ambalo Chiriku hakudhani linawezekana.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ileile ya Jumamosi, ilibaki kazi moja, na hiyo Baba alikataa kumfanyia. Alimpa simu, akakaa pembeni yake.

Mama alipokea akiwa na furaha. Alianza kuuliza baridi ya huko ni ya sweta gani, na kama viatu vya mtoto viwe vizito. Hapa hapakuwa na maneno ya kugeuza. Chiriku alimwambia kwa lugha yake mwenyewe kila kitu, tangu kijiti kilichokataa kunyanyuka mpaka kioo kilichogeuka cheupe, na kwamba nauli imekwenda, na kwamba hatakuja mwaka huu.

Alisikia pumzi ya mama yake, na mdogo wake akidai apewe dada wa simu.

“Shangazi yako mzima?” Mama aliuliza hatimaye.

“Mzima.”

“Baba yako? Wewe?”

“Wazima wote, Mama. Ningenyamaza siku moja zaidi, ungekuwa unapanga nguo sasa hivi. Ungekuja.”

“Ningekuja,” Mama alisema. “Ningekuja kumkuta nani, mwanangu?”